Ordinatere ya zamani bado ina kazi: namna ya kuweka msimamizi mwepesi wa madirisha

Kasindi-Lubiriha, kwenye mpaka wa Kongo na Uganda, kazi nyingi zinapita kwenye ordinatere: fakture, barua za kazi, saisi ya mitihani, fotokopi za vitambulisho, karatasi za mizigo inayotoka Mpondwe kuelekea Beni na Butembo. Mashine nyingi zinazofanya kazi hiyo ni za okazyo. Zilishatumika mahali pengine, zikauzwa, zikafika hapa zikiwa na miaka kumi au zaidi.

Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft iliacha kutoa bure marekebisho ya usalama ya Windows 10 kama kawaida yake. Windows 11, inayoifuata, inaomba RAM ya giga 4, nafasi ya giga 64 kwenye disiki, na kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0. Ordinatere nyingi za zamani hazina kifaa hicho. Wenye mashine wanabaki na maswali mawili: nitupe? Ama niendelee hivi hivi, virusi ziingie?

Kuna njia ya tatu, nayo haiombi kununua mashine mpya. Ni kuweka Linux, na juu yake msimamizi mwepesi wa madirisha. Makala hii inaeleza kitu hicho ni nini, kinawekwa namna gani, na ni wapi hakisaidii.

Msimamizi wa madirisha ni nini?

Ukifungua programu, inatokea ndani ya kisanduku kwenye ekrani. Kisanduku hicho ndicho dirisha. Lazima kuwe na programu inayochora ukingo wa dirisha, inayolisogeza ukilivuta kwa panya, inayolifunga ukibonyeza alama ya X, na inayoamua dirisha lipi liko mbele. Programu hiyo ndiyo msimamizi wa madirisha.

Kwenye Windows hauioni, sababu imeshonwa pamoja na vingine vyote. Kwenye Linux kazi imegawanywa. Kuna mfumo unaochora kwenye ekrani, unaoitwa X. Ulianza mwaka wa 1984 kwenye chuo cha MIT huko Marekani, na toleo lake la 11 lilitoka mwaka wa 1987. X yenyewe haijui dirisha likae wapi. Inaachia kazi hiyo programu nyingine, na mwenye mashine anaweza kuchagua ni ipi.

Wengi wanaowekewa Linux wanapewa mazingira kamili kama GNOME au KDE. Ni mazuri kwa macho, lakini yanakuja na mzigo: vivuli, utafutaji wa faili unaoendelea nyuma, taarifa, kalenda, na mengine. Kwenye mashine ya giga 8 hakuna shida. Kwenye mashine ya giga 2, mazingira hayo peke yake yanaweza kula nusu ya RAM kabla haujafungua hata barua moja.

Msimamizi mwepesi anafanya kazi moja tu, ile ya madirisha. Wako wengi: Openbox, Fluxbox, JWM, i3, IceWM. Makala hii inashika IceWM, iliyoanzishwa na Marko Maček mwaka wa 1997. Sababu ni moja. Inakuja na mstari wa chini wenye kitufe cha menyu, saa, na orodha ya programu zilizofunguliwa. Mtu aliyezoea Windows XP ama Windows 7 anaikalia na kuanza kazi bila kufundishwa sana. Openbox nayo ni nzuri, lakini ukiiwasha unakuta ekrani tupu. Mstari wa chini unautafuta wewe mwenyewe. Na i3 inaendeshwa zaidi kwa klavye, jambo ambalo mteja wa saisi hatalipenda.

Debian yenye IceWM, ikishawaka bila programu nyingine, kwa kawaida inatumia mega mia mbili hivi za RAM. Hapo ndipo faida iko.

Kabla ya kugusa kitu: kagua mashine

Mara nyingi tunalaumu Windows, kumbe tatizo ni la chuma. Kagua mambo manne.

*Vumbi na joto.* Kasindi iko kwenye bonde la Semliki, na joto lake si la Butembo kule juu. Vumbi la barabara likijaa kwenye feni, prosesa inapata moto na kupunguza mwendo wake yenyewe ili isiungue. Fungua kasha mashine ikiwa imezimwa na kamba ya umeme imetolewa, usafishe kwa brashi laini. Kuna mashine zinazopona hapo hapo.

*Betri ndogo ya saa.* Kwenye ubao wa ordinatere ya mezani kuna betri ya duara, CR2032. Ikikufa, kila umeme ukikatika mashine inarudi kwenye tarehe ya zamani. Matokeo yake: tovuti zinakataa kufunguka zikisema usalama wake haueleweki, na Linux inakataa kupakua programu. Watu wanabadilisha mtandao, wanabadilisha hata modemu, na kumbe ni betri hiyo tu.

*Disiki.* Ikitoa sauti ya kugonga-gonga, ama faili zinachukua dakika nzima kufunguka, disiki inakufa. Hakuna msimamizi wa madirisha atakayeifufua.

*Biti 32 au 64.* Kwenye Windows, angalia sehemu ya sifa za mashine, itakuambia. Core 2 Duo na zilizofuata ni za biti 64. Pentium 4 nyingi na Atom za kwanza ni za biti 32. Hili ni muhimu, sababu Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena diski ya kusimika kwa biti 32. Kwa mashine za namna hiyo inabaki Debian 12, ya Juni 2023, ama antiX. Na Mozilla haitoi tena matoleo mapya ya kawaida ya Firefox kwa Linux ya biti 32 kuanzia toleo la 145. Mlango wa biti 32 unafungwa polepole. Mashine hizo zinafaa kwa kuandika na kuchapa, lakini tusiahidi mtu kwamba zitatembea kwenye intaneti miaka mingi.

Faili kwanza, mashine baadaye

Hapa ndipo watu wanalia. Kusimika Linux kwa kufuta Windows kunafuta kila kitu: fakture za miaka, palmares za shule, picha za harusi, daftari la wadeni. Faili zikifutwa namna hiyo, kuzirudisha ni bahati.

Kopi faili zote mahali pawili tofauti, kwa mfano disiki ya nje na kle USB. Kisha peleka kle hiyo kwenye mashine nyingine, ufungue faili tano au sita uone kama zinafunguka kweli. Usiseme "nimekopi" kabla ya kufungua. Usisahau faili zilizowekwa juu ya ekrani yenyewe, zile za Téléchargements, na kasha la programu ya hesabu kama iko.

Na virusi? Wengi wanajua ile inayogeuza makasha ya kle kuwa njia za mkato. Linux haiendeshi virusi hiyo, lakini inaweza kuibeba na kuipeleka kwa mteja mwenye Windows. Faili za ajabu zenye mwisho wa .lnk ama .vbs uziache, usizikopi.

Jaribu bila kufuta: antiX

Njia rahisi ya kuanza ni antiX. Ni Linux iliyojengwa juu ya Debian kwa ajili ya mashine za zamani, inakuja na IceWM tayari, na toleo la 23 liko kwa biti 32 na kwa biti 64. Faida yake kubwa: inawaka kutoka kwenye kle USB bila kugusa disiki. Ukiona panya, sauti, Wi-Fi na imprimanti vinafanya kazi, unaendelea. Ukiona hapana, unatoa kle na Windows yako iko pale pale.

Faili ya antiX ni kubwa, na mega za intaneti ni pesa. Afadhali mtu mmoja apakue, wengine wakopi kwake. Lakini faili iliyopita mikono mingi inaweza kuharibika ama kuchezewa. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri na uandike:

`certutil -hashfile jina-la-faili.iso SHA256`

Itatoka namba ndefu. Ilinganishe na ile iliyo kwenye tovuti ya antiX ama ya Debian. Zikiachana hata kwa herufi moja, usitumie faili hiyo.

Kuiandika kwenye kle, programu ya bure inayoitwa Rufus inatosha. Kle itafutwa yote. Kisha washa ordinatere huku unabonyeza-bonyeza F12 (Dell na Lenovo nyingi) au F9 (HP nyingi), uchague kle.

Hatua za kusimika Debian na IceWM

Anayetaka kujenga mwenyewe, polepole na kwa usafi, achukue Debian. Hatua ni hizi.

1. Andika Debian kwenye kle kwa Rufus, washa mashine kutoka kwenye kle. Kifaransa kimo kwenye lugha za kusimikia. Chagua klavye inayofanana na iliyo mezani, AZERTY ama QWERTY.

2. Kama hakuna kamba ya mtandao, unganisha simu kwa waya wa USB na uwashe kugawa intaneti. Mara nyingi Debian inaiona simu kama kadi ya mtandao.

3. Ikiuliza neno la siri la "root", liache tupu. Ukifanya hivyo, mtumiaji wa kwanza utakayemtaja ndiye anapata ruhusa ya kutumia amri ya `sudo`.

4. Ikifika kwenye orodha ya programu za kuweka, toa alama kwenye GNOME na kwenye mazingira yote ya ekrani. Acha ile ya vyombo vya kawaida vya mfumo tu. Ukisahau hatua hii, unapata mzigo ule ule uliokuwa unaukimbia.

5. Mashine ikiwaka tena utaona maandishi meupe kwenye ekrani nyeusi. Usiogope, haijaharibika. Ingiza jina na neno la siri, kisha angalia tarehe kwa kuandika `date`. Ikiwa si ya leo, irekebishe kwanza.

6. Andika:

`sudo apt update`

`sudo apt install xorg icewm lightdm pcmanfm gvfs udisks2 lxterminal mousepad network-manager-gnome pulseaudio pavucontrol volumeicon-alsa firefox-esr firefox-esr-l10n-fr`

Kwa kifupi: xorg ndiyo inayochora, icewm inasimamia madirisha, lightdm inauliza jina na neno la siri, pcmanfm inafungua makasha, gvfs na udisks2 zinasaidia kle USB ionekane, na zinazobaki ni za kuandika, mtandao, sauti na intaneti.

7. Washa tena kwa `sudo reboot`. Kwenye ukurasa wa kuingia, chagua kikao cha IceWM kabla ya kuandika neno la siri.

Kuipanga iwe ya kwako

IceWM inasoma faili ndogo za maandishi ndani ya kasha linaloitwa `.icewm`. Litengeneze kwa `mkdir -p ~/.icewm`, kisha ufungue mousepad na uandike.

Faili ya `startup` ni ya vitu vinavyoanza peke yake:

`#!/bin/sh`
`setxkbmap -layout fr,us -option grp:alt_shift_toggle &`
`nm-applet &`
`volumeicon &`

Mstari wa pili unafaa sana huku kwetu, ambako klavye ya AZERTY na ya QWERTY zinakutana kwenye meza moja. Ukibonyeza Alt na Shift pamoja, unabadilisha. Baada ya kuandika, ipe faili ruhusa: `chmod +x ~/.icewm/startup`. Bila amri hiyo haitaanza, na hapo wengi wanakwama.

Faili ya `toolbar` inaweka alama za programu kwenye mstari wa chini, na faili ya `menu` inapanga menyu. Mfano wa `menu`:

`prog "Andika barua" libreoffice-writer libreoffice --writer`
`prog "Hesabu" libreoffice-calc libreoffice --calc`
`prog "Intaneti" firefox-esr firefox-esr`

Maneno yaliyo kati ya alama za kunukuu ni ya kwako. Unaweza kuandika Kiswahili, Kifaransa, hata Kinande. Kwa mfanyakazi mpya asiyezoea mashine, menyu yenye maneno matatu anayoyaelewa inashinda menyu yenye programu mia moja.

LibreOffice haijaingia bado. Iongeze kwa `sudo apt install libreoffice-writer libreoffice-calc libreoffice-l10n-fr`. Inafungua faili za Word na Excel, lakini kurasa zenye majedwali magumu zinaweza kusogea kidogo. Jaribu na faili zako za kweli, na ukimtumia mtu karatasi ya mwisho, itoe kama PDF.

Vitufe vya kukumbuka: Alt+Tab kuhama dirisha, Alt+F4 kufunga, Ctrl+Esc kufungua menyu.

Kwa imprimanti, weka `cups` na `system-config-printer`. Za HP nyingi zinahitaji pia `hplip`. Kuna imprimanti chache ambazo Linux haizijui. Nyumba ya fotokopi inaishi kwa imprimanti, kwa hiyo jaribu kuchapa ukiwa bado kwenye kle ya antiX, kabla ya kufuta chochote.

RAM ikiwa ndogo sana

Kwa mashine ya giga 1 ama 2, ongeza `zram-tools`. Inakunja data iliyo ndani ya RAM ili nafasi iongezeke. Fungua faili `/etc/default/zramswap`, weka `PERCENT=50`, kisha `sudo systemctl restart zramswap`.

Lakini tuseme ukweli: msimamizi mwepesi hapunguzi uzito wa tovuti. Facebook na YouTube zinakula RAM ile ile kwenye IceWM na kwenye Windows. Ulichopata ni nafasi iliyokuwa inaliwa na mfumo wenyewe. Kama una pesa kidogo, kipande cha RAM cha okazyo ama disiki ya SSD kitaleta mabadiliko makubwa kuliko programu yoyote.

Matatizo yanayorudi

*Wi-Fi haionekani kwenye alama ya mtandao.* Fungua `/etc/network/interfaces` kwa `sudo`. Mistari inayotaja kadi ya mtandao uliyotumia wakati wa kusimika, weka alama ya # mbele yake. Ile yenye `lo` usiiguse. Washa mashine tena.

*Umeme unakatika kila mara.* Mfumo wa faili wa Linux, ext4, unaandika kumbukumbu ya kazi zake, kwa hiyo mara nyingi unajirekebisha ukiwaka. Barua ambayo haikuhifadhiwa, hiyo imeenda. Kwenye LibreOffice weka ijihifadhi kila dakika 2. Ondulere ndogo inabaki kuwa ulinzi mzuri kuliko yote. Na IceWM haitapunguza sana umeme unaoliwa: ordinatere ya mezani na ekrani yake inakula zaidi ya laptop, hata iwe na programu gani.

*Umesahau kurekebisha usalama.* Linux nayo ina matundu. Mara moja kwa mwezi, ukiwa na mega za kutosha, andika `sudo apt update` kisha `sudo apt upgrade`.

Nani asihame?

Si kila mtu. Deklaranti anayefanya kazi kwenye Sydonia World, mfumo wa forodha unaotumiwa na DGDA, asifute mashine yake kwa haraka. Programu hiyo inategemea Java, na mipangilio yake imeshazoeleka kwenye Windows. Gari likiwa limesimama parkingi na mwenye mzigo anapiga simu, si wakati wa kujifunza Linux. Ni hivyo pia kwa anayetegemea programu ya hesabu iliyotengenezwa kwa Windows peke yake. Kama kuna mashine mbili, hamisha moja, ile isiyo na haraka, ukae nayo mwezi mzima kwanza.

Lakini kwa saisi, barua, hesabu za duka, masomo ya watoto na intaneti ya kawaida, mashine iliyokuwa inasemwa "imechoka" inaweza kufanya kazi tena. Kutoka Kasindi hadi Beni ni kilomita 80 hivi, na hadi Butembo ni zaidi ya 50 juu ya hizo. Kusafiri umbali huo kutafuta mashine nyingine ni gharama ambayo si kila nyumba inaiweza. Anayeanza leo afuate mpangilio huu: safisha vumbi, badilisha betri ya saa, kopi faili mahali pawili na kuzifungua, jaribu kwenye kle, na mwisho kabisa ndiyo ufute.